Wasomaji na Vitabu vya Seli na Jeni: Historia Fupi na Mafunzo Yake kwa Istilahi Zetu

UTANGULIZI

Tunapojadili istilahi za sayansi huwa tunawafikiria watu wa aina mbili tu: mtaalamu anayeihitaji istilahi, na mwanalugha anayeiunda. Mtu wa tatu, yaani msomaji wa kawaida ambaye hakusomea sayansi lakini anataka kuuelewa mwili wake na hali ya watoto wake, aghalabu husahauliwa. Hukumbukwa istilahi ikiisha kupitishwa, na hapo huambiwa aizoee. Madhumuni ya makala haya ni kumrudisha mtu huyo katika mazungumzo yetu, maana yeye ndiye atakayelitumia neno siku wataalamu wasipokuwapo.

Ili hoja yetu isibaki hewani, tumechagua uwanja mmoja, nao ni elimu ya seli na ya urithi. Uwanja huu una faida moja kubwa kwa mtafiti wa lugha: kwa zaidi ya miaka 350 umekuwa ukiandikiwa vitabu kwa ajili ya watu wasio wataalamu, na wasomaji wa vitabu hivyo wameacha maoni yao katika maandishi. Tutavipitia baadhi ya vitabu hivyo kwa mpango wa miaka. Kwa kila kimoja tutauliza maswali mawili: wasomaji walisema nini, na ni neno gani lililowafanya waseme hivyo? Mwishoni tutarejea nyumbani na kuyatazama maneno yetu wenyewe: seli, jeni, vinasaba na selimundu.

1. HOOKE NA VIJUMBA VYAKE

Mnamo Januari 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu kiitwacho Micrographia, chini ya chama cha wanasayansi cha Royal Society huko London. Kilikuwa kitabu cha mambo yaliyoonekana kwa hadubini: kiroboto aliyechorwa mkubwa hata ukurasa ukabidi kukunjuliwa, chawa, ukungu, ncha ya sindano, na kipande chembamba cha gome la mti ule unaotengenezewa vizibo vya chupa. Katika gome hilo Hooke aliona vitundu vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Alivihesabu, akakadiria kwamba katika inchi moja ya ujazo vingekuwapo 1,259,712,000. Akaviita kwa neno la Kiingereza lililotokana na neno la Kilatini cella, maana yake chumba kidogo. Neno hilo tayari lilikuwa likitumika kwa chumba cha mtawa na kwa kijumba cha nyuki.

Yafaa tukumbuke kwamba wakati huo kazi nyingi za kitaalamu Ulaya ziliandikwa kwa Kilatini. Hooke aliandika kwa Kiingereza, lugha ya watu wa nyumbani kwake, na kwa hiyo kitabu kikawafikia watu ambao kwa Kilatini pengine kisingewafikia. Mmoja wao alikuwa Samuel Pepys, afisa wa mambo ya jeshi la majini. Katika shajara yake ya tarehe 21 Januari 1665 aliandika kwamba alikesha akikisoma hadi saa nane za usiku, na kwamba hajapata kusoma kitabu chenye ubunifu kama hicho maishani mwake. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe aliingizwa katika Royal Society. Hayo ni miongoni mwa maoni ya kwanza kabisa ya msomaji wa kawaida juu ya kitabu chenye habari za seli, na ni maoni ya furaha.

Lakini si wote waliofurahi. Mwaka 1676 Thomas Shadwell alitoa mchezo wa kuigiza, The Virtuoso, unaomdhihaki mwanasayansi anayepoteza umri wake kutazama wadudu huku mambo ya wanadamu hayamshughulishi. Hooke alikwenda kuutazama, akatoka amekasirika, akaandika katika shajara yake kwamba watu karibu wamnyoshee kidole. Hivyo tangu mwanzo pande mbili za maoni zilikuwapo: wale waliostaajabu, na wale waliouliza, "Haya yatufaa nini?" Maswali hayo mawili hayajaachana hadi leo.

Kwa mwanaistilahi lipo funzo jingine. Hooke aliona kuta tu, kwa kuwa gome lile lilikuwa limekufa. Neno "chumba kidogo" lilifaa kwa kitu alichokiona. Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839 waliposema kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa vitu hivyo, na Rudolf Virchow mwaka 1858 alipotangaza kwamba kila seli hutoka katika seli nyingine, ilikwisha kudhihirika kwamba jambo kubwa ni kile kilicho hai ndani ya kuta, tena kwamba seli za wanyama hazina kuta kama zile za gome. Hata hivyo neno halikubadilishwa. Istilahi yaweza kuishi baada ya picha iliyoizaa kufa. Wataalamu hawasumbuki, kwani wao hawaioni tena ile picha. Msomaji mgeni ndiye anayeiona, na yeye ndiye anayepotea.

2. JOHANNSEN NA NENO LISILO NA PICHA

Katika upande wa urithi mambo yalikwenda kinyume. Gregor Mendel alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, na kazi yake ikakaa bila kusikilizwa hadi mwaka 1900. Mwaka 1909 Mdenmarki Wilhelm Johannsen akapendekeza neno jipya kwa kile kinachorithiwa. Alilichukua neno refu zaidi lililokuwa likitumiwa na Hugo de Vries, akalikata, akabaki na silabi moja: ndilo neno lililozaa jeni yetu. Sababu aliyoitoa yafaa kukumbukwa na kila anayeunda istilahi. Alitaka neno fupi lisilobeba dhana yoyote juu ya umbo la kitu hicho, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyelijua umbo lake. Kwake neno tupu lilikuwa salama kuliko neno lenye picha ya uongo.

Tahadhari hiyo ya Johannsen ndiyo kipimo tutakachotumia katika sehemu zifuatazo. Jeni ilipotoka katika maabara na kuingia katika vitabu vya watu wote, kila mwandishi aliivika nguo yake.

3. SCHRÖDINGER NA MSIMBO

Nguo ya kwanza ilikuwa msimbo. Mwezi Februari 1943 mwanafizikia Erwin Schrödinger alitoa mihadhara ya hadhara mjini Dublin, na mwaka 1944 mihadhara hiyo ikatolewa katika kitabu kidogo kiitwacho What Is Life? Alisema kwamba ndani ya kromosomu lazima kuwe na maandishi ya msimbo yanayoelekeza jinsi kiumbe kitakavyokua. Neno hilo la maandishi liliwateka vijana. James Watson, Francis Crick na Maurice Wilkins, ambao baadaye mwaka 1962 walipewa pamoja tuzo ya Nobel kwa kazi juu ya umbo la DNA, wote walipata kukitaja kitabu hiki miongoni mwa mambo yaliyowavuta kuelekea utafiti huo.

Wataalamu wengine hawakukubali. Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100 ya kuzaliwa kwa Schrödinger, kilichotolewa mwaka 1987, Max Perutz alitoa hukumu kali: yaliyokuwa ya kweli katika kitabu kile hayakuwa mapya, na mengi yaliyokuwa mapya yalikwisha kujulikana kuwa si kweli hata wakati kinaandikwa. Linus Pauling naye aliandika kwa ukali katika kumbukumbu hiyo hiyo.

Tunafanyaje na maoni hayo yanayopingana? Sisi tunaona kwamba yote mawili yana haki. Kama kitabu cha kemia, kilikuwa na makosa. Kama kitabu kilichowapa vijana neno la kufikiria nalo, kilizaa matunda. Kiswahili chetu kimepata neno msimbo, na ni neno zuri. Lakini tukumbuke kwamba msimbo kwa desturi huwekwa na mtu ili mtu mwingine ausome. Msomaji anayeambiwa kwamba mwilini mwake mna msimbo ana haki ya kuuliza ni nani aliyeuandika na ni nani anayeusoma. Kama mwandishi hakumjibu, atajijibu mwenyewe.

4. WATSON, SAYRE NA JINA LA MTU

Mwaka 1968 Watson alitoa The Double Helix, habari ya jinsi umbo la DNA lilivyogunduliwa mwaka 1953. Crick na Wilkins walikuwa wameupinga mswada, na shirika la uchapaji la Chuo Kikuu cha Harvard likaacha kuutoa. Ukatolewa na kampuni nyingine. Mapokezi yaligawanyika. Peter Medawar alikisifu kama kitabu cha pekee kinachoonyesha jinsi sayansi inavyofanywa hasa. Erwin Chargaff, ambaye utafiti wake juu ya uwiano wa besi za DNA ulikuwa nguzo mojawapo ya ugunduzi wenyewe, alikikosoa vikali. Watu wengi wa kawaida walikisoma kama hadithi ya mashindano.

Katika kitabu hicho Rosalind Franklin, aliyeongoza kazi ya kuipiga picha DNA kwa eksirei mwaka 1952 na akafariki mwaka 1958, anaitwa kwa jina la mkato ambalo yeye mwenyewe hakulitumia, tena amechorwa kama mwanamke mkali, mgumu wa kushirikiana naye. Mwishoni mwa kitabu Watson alikiri kwamba fikira zake za kwanza juu yake mara nyingi hazikuwa sahihi, akamsifu. Lakini wasomaji walikwisha kumjua kwa kurasa nyingi zilizotangulia. Rafiki yake Anne Sayre aliona hapana budi kujibu, na mwaka 1975 akatoa kitabu cha maisha yake. Tangu hapo maoni juu ya The Double Helix yamebadilika kadiri vizazi vinavyobadilika; msomaji wa leo hukifungua huku akimtafuta Franklin.

Jambo hili si la istilahi kwa maana finyu, ila linatukumbusha kwamba kuita ni kuhukumu. Jina likitangulia, masahihisho ya ukurasa wa mwisho hayalifikii.

Tuongeze neno moja juu ya umbo lenyewe. Mtafsiri wa Kiswahili aliyekaa mezani hupenda kulifananisha na hesi ya parafujo. Lakini parafujo ni chuma kimoja kilichochongwa mkato unaozunguka, na jambo kubwa katika DNA ni kwamba nyuzi ni mbili, kila moja ikiweza kuwa kielelezo cha kuijenga mwenzake zikiachana. Yeyote aliyepata kumtazama mtu akisokota kamba ya makumbi anajua nyuzi mbili zinavyozungukana, na zinavyoweza kusokotolewa. Msokoto wa nyuzi mbili, kwa maoni yetu, humweleza msomaji zaidi kuliko parafujo, na wala hauhitaji duka la vyuma.

5. DAWKINS NA SIFA YENYE NAFSI

Hapa tunafika penye mjadala mkubwa kuliko yote. Mwaka 1976 Richard Dawkins alitoa The Selfish Gene. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba tukitaka kuelewa uteuzi wa asili yafaa tutazame jeni badala ya mnyama mzima au kundi lake. Jeni zinazodumu ni zile ambazo athari zake husababisha nakala zake ziongezeke. Kwa njia hii alieleza, akimfuata W. D. Hamilton aliyeandika mwaka 1964, kwa nini mnyama hujitolea kwa ndugu zake wa damu: ndugu hao wana sehemu ya jeni zile zile. Yaani jeni hiyo yenye sifa mbaya ndiyo inayoweza kuzaa tabia njema.

Wasomaji wengi walikisifu kwa uwazi wake. Lakini angalia maoni mengine. Dawkins mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1998, Unweaving the Rainbow, anasimulia kwamba mchapishaji mmoja wa nchi ya nje alimwambia hakupata usingizi siku tatu baada ya kukisoma. Mwalimu mmoja naye alimwandikia kwamba mwanafunzi wake alimjia akilia, akiamini kwamba maisha hayana maana. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mary Midgley alimshambulia katika jarida la Philosophy, hoja yake kuu ikiwa kwamba ubinafsi ni sifa ya mwenye nia, na jeni haina nia. Dawkins alijibu katika jarida hilo hilo mwaka 1981: alikwisha kueleza kwamba analitumia neno hilo kwa maana ya matokeo tu, bila nia yoyote. Katika toleo la mwaka 2006 alikubali kwamba jina la kitabu laweza kumpotosha mtu asiyesoma zaidi ya jina, na kwamba lingefaa jina lingine lililotaja kutokufa kwa jeni.

Nani alikuwa na haki? Kwa mtaalamu, maelezo ya mwandishi yanatosha: neno limeelezwa, basi na lisomwe kwa maana iliyoelezwa. Kwa msomaji, neno huja na ukoo wake wote, na maelezo hayaufukuzi ukoo huo mlangoni.

Natuijaribu hoja hii kwa Kiswahili. Tuseme tunatakiwa kulitafsiri jina la kitabu hicho. Njia ya kwanza ni kutumia mchoyo. Mara moja sarufi yetu inatushika. Kiambishi m- kimekwisha kuiingiza jeni katika ngeli ya watu, na jeni imekuwa mtu kabla hatujaeleza lolote. Tukikwepa kwa kusema jeni yenye choyo, maana inapotoka, kwa kuwa mchoyo ni yule anayekataa kutoa alicho nacho, ilhali jeni ya Dawkins haina kazi ila kujitoa nakala. Njia ya pili ni ubinafsi. Hapa tatizo ni kubwa zaidi, kwani ndani ya ubinafsi imekaa nafsi yenyewe. Tutakuwa tumempa mchoro wa kemia kile kile ambacho Midgley alisema hauwezi kuwa nacho, tena katika lugha ambayo nafsi ni neno zito la dini na maadili. Kiingereza kilimruhusu mwandishi kubishana kama neno lake lina nia au halina; Kiswahili kingetoa hukumu katika kichwa cha kitabu.

Kisha lipo jambo la methali. Msomaji wetu haji kitabuni akiwa mtupu. Anayo methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka, na anayo nyingine isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga waliziweka zote mbili, na hekima yao ni kwamba hawakuzichagulia mshindi. Kitabu cha jeni kikitafsiriwa kwa maneno mazito kupita kiasi, kitaonekana kama kimeipa methali ya kwanza muhuri wa sayansi na kuifuta ya pili. Dawkins hakusema hivyo. Alisisitiza kwamba binadamu anaweza kuupinga mwelekeo wa jeni zake. Lakini yule mwanafunzi aliyelia hakulia kwa sababu ya aya hiyo.

6. FAMILIA YA LACKS NA NENO LENYE MAANA MBILI

Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama wa watoto 5, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 31, alifariki kwa saratani katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Kabla ya hapo kipande cha uvimbe wake kilikuwa kimechukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Katika maabara ya George Gey seli hizo ziliendelea kuzaana bila kukoma, jambo ambalo halikuwa limepatikana kwa seli za binadamu. Zikaitwa HeLa, kwa herufi za mwanzo za majina yake, zikasambazwa duniani na kutumika katika kazi nyingi, ikiwamo kuijaribu chanjo ya polio. Mwaka 2010 Rebecca Skloot alitoa kitabu, The Immortal Life of Henrietta Lacks, kilichoeleza habari hiyo pamoja na habari ya familia iliyobaki.

Kitabu kilisomwa sana na kusifiwa. Pia kilileta mabishano: nani ana haki ya kusimulia maisha ya familia, na nani anafaidika? Mwaka 2013, baada ya watafiti kuchapisha jenomu ya seli hizo bila kuiuliza familia, mamlaka za utafiti wa afya za Marekani zilifanya nayo mapatano juu ya nani ataruhusiwa kuitumia. Mwaka 2023 familia ilifikia suluhu na kampuni moja iliyokuwa ikiuza bidhaa za seli hizo.

Sisi tunataka kukaza macho mahali pamoja tu. Familia haikujua habari za seli hizo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1973 watafiti walipotaka damu ya watoto wa marehemu ili kuzitambua seli za HeLa zilizochafua nyingine, familia ilidhani inapimwa saratani. Skloot anaeleza kwamba mumewe Henrietta, ambaye hakusoma sana, alipoambiwa habari za seli za mkewe, seli pekee aliyoijua ilikuwa ile ya gereza alimofungwa mwanawe. Neno lilikuwa moja, la Kiingereza, lugha yake ya kuzaliwa. Lakini picha aliyoipata ilikuwa ile ile ya cella: chumba kidogo chenye kuta. Picha iliyokufa kwa wataalamu miaka zaidi ya 100 nyuma ilikuwa hai kwake, naye akatoa jibu la ndiyo bila kujua ameulizwa nini.

7. KWETU

Asidhani msomaji kwamba jambo hili ni la Baltimore tu. Siku moja tuliletewa karatasi ya ridhaa ya utafiti wa afya tuihakiki tafsiri yake. Ilisema kwamba seli za mshiriki zitahifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Lugha ilikuwa safi, na sisi tulikuwa tayari kuipitisha. Kwa kujaribu tu, tulimsomea mzee mmoja mhudumu wa ofisi. Akatusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, mimi na selo wapi na wapi?" Tulicheka, naye akacheka. Baadaye hatukucheka. Katika usemi wetu wa Tanzania mahabusu ya polisi huitwa selo, na huko Kenya magazeti huandika seli. Makosa yale yale ya Baltimore yalikuwa mezani petu, yakisubiri muhuri.

Tutazame na vinasaba. Neno hili limejengwa kwa ustadi: nasaba ikapewa kiambishi cha udogo, ikawa vitu vidogo vya nasaba. Limeingia katika magazeti, katika mahakama na katika habari za sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya DNA ya binadamu Tanzania. Nguvu yake ni kwamba kila Mswahili anaijua nasaba. Udhaifu wake ni huo huo. Nasaba kwetu ni ukoo, na aghalabu ukoo wa upande wa baba. Kwa hiyo neno vinasaba linaposikika, watu hufikiria kesi ya nani ni baba wa mtoto. Tena wengine hulitumia kwa jeni, wengine kwa DNA, wengine kwa vyote viwili, na msomaji hana njia ya kujua ni kipi kinachosemwa.

Mwisho ni selimundu. Ugonjwa huu ulielezwa katika maandiko ya kitabibu huko Chicago mwaka 1910 na James Herrick. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba unatokana na kasoro katika himoglobini yenyewe. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba wenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Baada ya hapo Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti yote ni ya asidi-amino moja. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Basi neno hili si la kitabuni tu.

Selimundu ni istilahi tunayojivunia. Mkulima anaijua mundu, na seli iliyopinda inafanana nayo hasa. Wataalamu wanaotumia Kifaransa, kama wale wa Kongo, hutumia jina lililotokana na neno la Kigiriki kwa kifaa hicho hicho, lakini mkulima hakijui Kigiriki. Hata hivyo istilahi hii ina pengo. Mtu hurithi nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja yenye kasoro kwa kawaida si mgonjwa. Mwenye mbili ni mgonjwa. Wazazi wawili wenye nakala moja moja wana uwezekano wa robo, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Lakini katika mazungumzo ya watu husemwa tu, "Ana selimundu," kwa hali zote mbili. Kijana mzima anayetaka kuoa anaweza kukataliwa kama mgonjwa. Wachumba wawili wanaoonekana wazima wanaweza kujiona hawana la kupimwa. Hapo upungufu wa neno unaingia nyumbani mwa watu na kulala kitandani mwa mtoto.

HITIMISHO

Historia hii fupi inatuonyesha kwamba wasomaji hawa, ijapokuwa hawakuwa wataalamu, mara nyingi ndio walioona mahali neno linapovuja. Shadwell aliuliza faida, Midgley akauliza nia, Sayre akadai jina, na mume wa Henrietta Lacks, kwa kutoelewa kwake, alionyesha kwamba hakuna aliyemweleza. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, ambayo ni maoni yetu na si uamuzi wa Baraza.

Kwanza, istilahi za mwili na urithi zisomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wataalamu kabla ya kupitishwa, na maswali yao yaandikwe. Seli ibaki, kwa kuwa imekwisha kuenea, lakini katika maandishi ya hospitali itanguliwe na maelezo, kwa mfano, "chembe hai ndogo sana zinazoujenga mwili, ziitwazo seli."

Pili, jeni itumike kwa kipande kinachorithiwa chenye kazi maalumu, DNA kwa kemikali yenyewe, na vinasaba kwa ujumla wa vitu vya urithi katika lugha ya watu wote. Yeyote anayepima aseme anapima nini. Na wachapaji wawe macho, maana jeni na jini zimetengwa kwa irabu moja tu, na hofu ya msomaji haisubiri masahihisho ya toleo lijalo.

Tatu, sifa za nia na maadili zisiingizwe katika istilahi kwa ajili ya utamu wa jina. Lugha yenye ngeli ya watu haina budi kuwa na tahadhari mara mbili.

Nne, hali ya kubeba nakala moja ya jeni ya selimundu ipewe jina lake, tofauti na jina la ugonjwa. Sisi tunapendekeza mbebaji wa selimundu kwa mtu, na ubebaji kwa hali yake. Tunajua kwamba mbebaji ni pia mtu wa mizigo sokoni, na huenda wasomaji wakaona kasoro ambayo sisi hatukuiona. Basi watuandikie. Yule mzee wa ofisini alituokoa kwa swali moja, na tangu siku hiyo karatasi za ridhaa zinazopita mezani petu humsomea yeye kwanza.